Maji ya Koko Zaliha

Jumapili ile, siku moja kabla ya mambo kuharibika, mama alirudi nyumbani kabla ya adhuhuri akinuka karafuu maiti. Nilikuwa nimekaa barazani kwetu, mtaa wa Ampisikina, Mahajanga, nikijifanya nasoma, maana joto la Desemba la mji ule halimwachii mtu akili ya kusoma. Mama hakunisemesha. Alipita moja kwa moja hadi uani, akaoga, akabadili nguo, ndipo akaja kuniuliza kama nimekula.

Ndivyo alivyokuwa siku zote. Mama aliosha maiti za wanawake wa Kikomoro wa mtaani kwetu. Akitoka kuosha, hakusema na mtu mpaka aoge. Na alichokiona kwenye mwili wa marehemu, kovu, uvimbe, alama ya kipigo cha mume, hakukitaja abadani, hata nilipomchokoza.

"Yule hawezi tena kujifunika mwenyewe," alikuwa akisema. "Nikimfunua kwa mdomo, nitakuwa nimemwosha nini?"

Mimi nilikuwa na miaka ishirini na mbili, mwanafunzi wa falsafa Antananarivo, nimerudi likizo na sanduku la vitabu na ulimi mrefu. Nilikuwa nimeacha kusali tangu mwaka wa kwanza. Mama alijua. Hakunigombeza, aliendelea tu kunitandikia mkeka kando ya wake kila alasiri, na mkeka ukabaki mtupu, naye akaukunja tena.

Aliyenigombeza ni Koko Zaliha. Koko kwetu ni bibi, ingawa hakuwa bibi yangu wa damu. Alikuwa mjane asiye na mtoto, akikaa chumba cha mbele cha ua wetu, na alikuwa amenilea nusu kwa nusu na mama baada ya baba yangu kufariki. Kila siku alikaa barazani kwake na karai la mafuta akichoma mokary, vile vitumbua vya mchele na nazi ambavyo mji mzima ulivila na kahawa.

"Mwanafalsafa!" aliniita siku hiyo.

"Naam, Koko."

"Mungu yupo leo, au mmeshamfukuza huko Antananarivo?"

"Bado tunamjadili, Koko."

"Basi mjadilini polepole. Mimi unga nimeukoroga kwa Bismillahi yake. Mkimfuta kabla haujaumuka, nitauza uji?"

Mama alicheka mpaka akashika ukuta. Hayo ndiyo maneno yao, nami nayaandika kwa Kiswahili, ila hayakusemwa hivyo. Nyumbani tulisema Kikomoro, mlangoni na sokoni Kisakalava, na mimi nikipandwa na kiburi, Kifaransa. Koko alizichanganya zote tatu katika sentensi moja na kila mteja alimwelewa.

Nikikumbuka Mahajanga, naikumbuka Jumapili hiyo. Harufu ya nazi ikiungua kidogo. Mama kaanika kanzu yake nyeupe ya kuoshea, inayumba kwenye kamba kama mtu anayewaza. Ng'ambo ya kichochoro, Soa anafagia mbele ya nyumba yake na kutuimbia matusi ya utani. Soa alikuwa Msakalava, mwenyeji wa pwani ile, mnene, mwenye sauti ya kuuza samaki, rafiki wa mama tangu utotoni. Alimwita mama zandry, mdogo wangu. Mama alimwita zoky, dada mkubwa. Katika nyumba yake kulikuwa na chumba kimoja alichowawekea wazee wake, wafalme wa zamani ambao Wasakalava huamini kwamba hurudi na kupanda vichwani mwa watu. Hakuna aliyeingia mle na viatu. Mama, miaka yote ya urafiki wao, hakuwahi kuingia kabisa.

Jumatatu yakaanza.

Wanasema yalitoka katika ua mmoja wa mtaa mwingine, ugomvi wa majirani kuhusu mtoto. Mimi sikuuona ugomvi huo. Nilichoona ni moshi upande wa mashariki, kisha watu wakikimbia bila mizigo. Mwanamume mmoja alipita akisema, bila kusimama, kwamba wanauawa Wakomoro, nyumba kwa nyumba.

Mama alizaliwa Mahajanga. Mama yake alizaliwa Mahajanga. Komoro hakuwahi kuiona. Alisimama uani na sufuria mkononi akasema, "Wakomoro gani?"

Soa akaingia bila hodi.

"Zandry, toka. Sasa hivi. Binti pia."

"Na Koko?"

Koko Zaliha alikuwa barazani, mafuta yanachemka.

"Nendeni," akasema. "Nikiuacha moto huu, ua wote utateketea. Nazima, nakuja. Nani atahangaika na kikongwe?"

Tulivuka kichochoro. Hatua kumi na mbili, labda kumi na tano.

Soa alitupeleka mpaka mlango wa chumba kile. Mama akasimama.

"Zoky, humu siingii."

"Vua viatu, uingie."

"Ni shirki."

"Wafalme wangu wawili humu," Soa akasema. "Mmoja alikuwa Mwislamu, hatakuchukia. Mwingine anapenda ramu, huyo usimsemeshe. Ingia!"

Mama akavua viatu. Akaingia kwa mguu wa kulia, kama anavyoingia msikitini. Mpaka leo sijui kama alikusudia.

Chumba kilikuwa na kitanda kifupi, sahani nyeupe yenye maji, na kitambaa cheupe kilichotundikwa ukutani. Tulikaa chini nyuma ya mikeka iliyoviringishwa. Mama akaanza kusoma Ayatul Kursi kwa sauti. Soa akachungulia.

"Polepole, zandry. Watu watadhani wafalme wangu wote wamesilimu."

Nilicheka. Nasema kweli, nilicheka, na mama akanifinya paja.

Kisha tukasikia miguu mingi kichochoroni.

Sikuona. Nilisikia Koko akiuliza jambo, kwa Kisakalava, kwa adabu. Nilisikia karai likianguka. Nilisikia mafuta yakipiga jiwe.

Halafu sauti yake haikusikika tena.

Wakaja kwa Soa. Sauti za vijana. Walijua urafiki wake na mama.

"Wako wapi?"

"Nyumba hii hapa. Tafuteni. Lakini chumba kile ni cha wazee. Mwenye viatu haingii, na mwenye damu mkononi haingii hata bila viatu. Anayetaka, aende. Mimi simzuii."

Nyayo zikatukaribia.

Mmoja alikuwa ng'ambo tu ya mlango. Nilisikia pumzi yake. Ubao mmoja tu kati yetu.

Akarudi nyuma.

Nilikuwa nimeandika insha nzima chuoni nikithibitisha kwamba kitu kitakatifu si kitu ila ni makubaliano ya watu. Sijabadili mawazo. Lakini nilipokuwa nimekaa pale nyuma ya mikeka, makubaliano hayo ndiyo yaliyosimama mlangoni, na hayakuwa mepesi kama nilivyoyaandika.

Ukuta wa chumba ulikuwa wa mbao, na kati ya mbao mbili palikuwa na upenyo. Mama akaangalia kwanza. Alikaa hapo muda mrefu. Aliponipisha, nikamwona Koko Zaliha amelala ubavu barazani kwake, uso kwetu, ushungi wake wa shiromani umemwondoka kichwani. Mvi zake sikuwa nimewahi kuziona. Maisha yangu yote alikuwa amezifunika.

"Nitamwosha," mama akasema.

"Lini?"

"Wakipungua njiani. Maji yapo kwenye pipa letu. Sanda ninayo sandukuni. Saa moja tu nitahitaji."

"Mama, watakuua."

"Hapa mtaani hakuna mwanamke mwingine wa kumwosha. Waliobaki wamejificha au wamekufa. Asipooshwa na mtu, dhambi ni yetu sote."

Nikamwambia mambo ya chuoni. Kwamba maiti hajui. Kwamba Koko hayupo tena pale, lile ni umbo tu, halioni joto wala aibu.

"Hajui," mama akasema. "Mimi najua."

Jumanne asubuhi makelele yalisogea upande wa bandarini, na kichochoro kikawa kitupu. Mama akakunja mikono ya gauni lake mpaka viwikoni. Hakuniaga. Alikuwa ameshashika komeo.

Ndipo nikasema, "Mama, yeye haoshwi."

Akageuka.

"Aliyeuawa kwa dhuluma ni shahidi," nikasema. "Shahidi haoshwi. Anazikwa na damu yake, ndiyo itakayomshuhudia. Ukimwosha unamwondolea ushahidi wake."

"Nani kasema?"

"Nimesoma. Kitabu cha fikihi, maktaba ya chuo."

Sikuwa nimesoma kitabu chochote cha fikihi. Nilikuwa nimelisikia jambo la mashahidi utotoni, madrasa, katika kisa cha vita vya zamani, na nililikumbuka vipande vipande. Niliviunga kwa sauti ile niliyokuwa nikitumia kujibu mitihani.

Mama hakuwa amesoma sheria. Alijua Kurani kwa moyo, na kuosha alifundishwa na mama yake, kwa mikono, si kwa kitabu. Aliniangalia. Nilidhani atanikatalia. Badala yake macho yake yakajaa machozi, na haikuwa huzuni.

"Kumbe unasoma mambo haya," akasema. "Kumbe huko huko, peke yako, unayasoma."

Akaachia komeo. Akaketi kando yangu, akanishika mkono, akaubusu mgongoni, mama yangu, kama anayembusu fundi, mwalimu wake wa dini.

Hazikupita dakika kumi, kundi likapita tena kichochoroni, likiburura kitu cha chuma. Angekuwa barazani wakati huo, na ndoo.

Mchana Soa alichomoa kile kitambaa cheupe kutoka ukutani, kitambaa cha wafalme, ambacho hata yeye alikigusa kwa mikono miwili tu. Akatoka nacho peke yake. Tulimwona kwenye upenyo akiinama na kumfunika Koko kuanzia kichwani, akibana pembe kwa mawe. Walipita watu wawili wakamuuliza anafanya nini. Sikusikia alichowajibu. Aliporudi akanawa, akaenda kuweka wali jikoni.

Siku ya tatu wanajeshi wakaja na malori. Walimweka Koko juu ya wengine. Mama aliangalia mpaka lori likakata kona, midomo yake ikisoma, uso wake umetulia. "Amekwenda na damu yake," akaniambia. "Alhamdulillahi."

Walichimba shimo moja refu nje ya mji. Sisi tulipelekwa kambini kwa wanajeshi pamoja na mamia wengine, tukalala chini kwa majuma kadhaa. Wengi walisafirishwa Komoro, wengine kwa meli, wengine kwa ndege kutoka uwanja wa Amborovy, wakiwa na nguo walizozivaa. Tulipoitwa majina, mama alikataa kwenda. "Huko nitamfikia nani?" Alikuwa na kaka yake Nosy Be, mfanyakazi wa kiwanda cha mafuta ya maua ya langilangi, naye akaja kutuchukua.

Chuoni sikurudi. Nosy Be kukawa ndiko nyumbani. Ukiamka asubuhi, kisiwa kizima kinanukia milangilangi kana kwamba hakuna jambo baya lililowahi kutokea mahali popote, na miezi ya mwanzo harufu hiyo iliniudhi. Nilipata kazi ya kufundisha shule ya msingi mjini Hell-Ville. Mama alipata kazi yake ileile. Wanawake wa huko walipojua kwamba anaosha, wakaanza kumwita. Jioni tulikaa kibarazani kwa mjomba tukiikumbuka Mahajanga: nani aliuza nini kona gani, Soa alimtukana nani, mokary za Koko zilivyokuwa nyembamba pembeni na nene katikati. Tulicheka sana. Nadhani hizo ndizo jioni nilizokuwa karibu zaidi na mama maishani mwangu.

Nilikuwa sijui kwamba ameichukua ile kauli yangu na kuigawa.

Nosy Be ilikuwa na wanawake wengi waliokuwa na ndugu katika shimo lile. Mama aliwaendea mmoja mmoja. Akawaambia: msilie kwamba hawakuoshwa, mashahidi hawaoshwi, binti yangu kasoma kitabuni. Wanawake wakatulia. Wengine walianza kunisalimu njiani kwa heshima ya ajabu, nami nikadhani ni kwa sababu ni mwalimu.

Karibu mwaka mzima ulipita. Kisha, katika maulidi ya wanawake, mama aliyasema hayo mbele ya fundi mmoja mgeni aliyekuja kusomesha. Fundi, kwa upole, alimsahihisha. Hukumu ile ni ya aliyekufa katika mapigano, akipigana. Mwanamke aliyeuawa nyumbani kwake ana daraja ya shahidi kwa Mungu, lakini kwa watu ni maiti kama maiti wengine. Anaoshwa, anavikwa sanda, anasaliwa.

Mama akarudi nyumbani. Nilikuwa nasahihisha madaftari ya watoto. Akaketi na ungo wa mchele, akaanza kuchambua.

"Echati," akasema, "kile kitabu kilikuwa na jalada la rangi gani?"

Ningeweza kusema kijani. Nililiona neno liko tayari mdomoni.

"Hakukuwa na kitabu, mama."

Aliendelea kuchambua. Alitoa jiwe moja, akaliweka kando. Akatoa jingine.

"Fundi kasema nilikuwa na udhuru," akasema baadaye. "Mtu akihofia kuuawa, hadaiwi. Kwa hiyo hata bila uongo wako nisingepata dhambi."

"Basi, mama..."

"Hukuniambia unaogopa. Uliniambia maiti hajui, halafu ukaniambia kitabu. Neno moja, mama naogopa usije ukafa, hilo hukuliona?"

"Ungebaki?"

Alifikiri. Mama hakuwa mtu wa kusema jambo ili limpendeze aliye mbele yake.

"Sijui. Labda ningekwenda. Ila ningekwenda mimi, au ningebaki mimi. Sasa aliyebaki mle chumbani sijui ni nani."

Juma lililofuata alianza kuzunguka tena kwa wanawake wale wote, nyumba moja baada ya nyingine, kuwaambia kwamba amekosea. Alisema amekosea yeye. Jina langu hakulitaja, kwa sababu kwake mimi pia nilikuwa mtu aliyeshindwa kujifunika mwenyewe. Kuna aliyemfungia mlango. Baada ya hapo hakuosha tena. Walipomjia alisema, "Tafuteni mwingine," na kanzu nyeupe ya kuoshea aliyojishonea huku akaikata matambara.

Ikapita miaka minane hivyo. Alinipikia, aliniuguza nilipopata malaria, alinitania kwa kutoolewa. Mkeka wa pili hakuutandika tena. Sikujua kama mtu asiyeswali anaweza kuutamani mkeka mtupu, lakini ndivyo ilivyokuwa.

Mwaka jana alifariki mwanamke mchuma maua, jirani yetu, na mwosha wa mtaa alikuwa amesafiri. Ndugu zake wakaja kwa mama. Niko jikoni nasikia.

"Mimi nimeacha," mama akasema. "Lakini binti yangu ana mikono."

Nikatoka. "Mama, unajua mimi siamini."

"Sikukuuliza unaamini nini. Nimekuuliza unaweza kubeba ndoo?"

Hakuwa ameniuliza hivyo, lakini nilikwenda.

Marehemu alikuwa juu ya kitanda cha kuoshea, amefunikwa. Mpwa wake alinishikia maji. Mama alibaki nje ya pazia, amesimama, na kutoka huko akaniongoza. Funga kitambaa mkono wa kushoto. Usimwangalie, osha chini ya nguo. Minya tumbo, taratibu, kama unavyomminya mtoto. Sasa mtawadhishe. Maji ya majani ya mkunazi kichwani. Upande wa kulia. Wa kushoto. Rudia. Sauti yake haikupanda wala kushuka. Mikono yangu ilikuwa na woga mwanzoni, kisha ikawa na kazi.

Kwenye vidole vya marehemu palikuwa na madoa ya manjano ya maua ambayo hayakutoka. Nilisugua, kisha nikaacha. Sitaeleza zaidi niliyoyaona.

Mimi sijaongoka. Nikiulizwa kama kuna anayepokea kazi ile, nitasema sijui, na safari hii nitakuwa nasema kweli. Ninachojua ni hesabu fupi. Mama yangu yu hai, ana miaka sitini na tatu, na angefungua komeo lile asingekuwa hai. Hilo sijaliona dogo hata siku moja, na likinirudia tena sina hakika kwamba sitasema uongo uleule. Upande wa pili yuko Koko Zaliha, mvi zake nje, chini ya watu asiowajua. Na yuko mama, ambaye niliokoa mwili wake kwa kutumia kitu pekee alichokiona kitakatifu kuliko mwili huo. Hayo mawili hayapunguzani. Yanakaa pamoja.

"Umemaliza?" mama akauliza nyuma ya pazia.

"Nimemaliza."

"Nyuma ya masikio?"

"Nimeosha."

Pazia likatikisika.

"Kweli?"

"Kweli, mama."

Pazia likafunguka. Akaingia, mara ya kwanza baada ya miaka minane. Hakuniangalia. Akainama juu ya marehemu, akapitisha kidole kimoja nyuma ya sikio la kulia, kisha la kushoto, akakiinua kidole hicho kwenye mwanga wa dirisha.

Kilikuwa kimelowa, na safi.

Akakifuta kwenye nguo yake, akatoka nje.